Kanisa limepanga, LUKU inakata kodi ya majengo: msamaha unadaiwaje, na nani amrudishie nani?

SWALI: Mimi ni katibu wa kanisa dogo huku Mbagala. Tumepanga nyumba ya chini, si ghorofa, kwa shilingi 600,000 kwa mwezi. Mbele tumebomoa kuta za ndani pakawa ukumbi wa ibada. Vyumba viwili vya nyuma, chini ya paa hilohilo, anaishi mchungaji na familia yake. Kuna mita mbili za LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Ya mbele inakatwa kodi ya majengo 7,500 kila mwezi na ya nyuma 1,500, na tumeshakatwa hivyo miezi 14. Tumeambiwa nyumba za ibada hazilipi kodi hiyo. Mama mwenye nyumba ana miaka 67, haishi hapa, anasema wazee wamesamehewa kwa hiyo yeye hahusiki. Juzi katuletea na deni la kodi ya ardhi, anataka tulipe sisi. Tufuate utaratibu gani?

JIBU: Ndugu Katibu, msamaha tutaufikia. Kwanza angalia hizo namba mbili ulizoandika.

Shilingi 7,500 kwa mwezi ni kiwango cha ghorofa. Nyumba ya chini katika eneo la manispaa hutozwa 18,000 kwa mwaka, yaani 1,500 kwa mwezi. Ile ya 7,500, ambayo kwa mwaka ni 90,000, hutozwa kwa kila sakafu ya jengo la ghorofa. Viwango hivi vilianza Julai 2023. Kabla ya hapo, tangu makato yaingizwe kwenye LUKU mwaka 2021, vilikuwa 1,000 na 5,000 kwa mwezi. Kwa hiyo kuna mahali kwenye kumbukumbu mita yenu ya mbele imeandikwa kuwa iko kwenye ghorofa. Na mita ya nyuma nayo inakatwa, wakati jengo ni moja. Jengo moja lenye mita mbili hutozwa kwenye mita moja tu.

Sasa piga hesabu. Mnakatwa 9,000 kwa mwezi, sawa na 108,000 kwa mwaka. Mlitakiwa mkatwe 18,000. Hiyo tofauti ya 90,000 haihitaji msamaha wowote, inahitaji kumbukumbu zirekebishwe. Ombi la kurekebisha kumbukumbu ni jepesi kuliko ombi la msamaha, kwa sababu afisa hana cha kupima zaidi ya kuangalia picha ya nyumba na kuona kwamba haina ghorofa. Msamaha, hata mkiupata, utaokoa ile 18,000 iliyobaki tu. Wapangaji wengi wanaanza na barua ya msamaha kwa sababu ndiyo inayosikika kama haki kubwa. Barua inakaa mezani inajadiliwa, na makato yenye makosa yanaendelea mwezi baada ya mwezi. Ninyi anzeni na kosa la mita.

Ushahidi mnao tayari kwenye simu. Chukua ujumbe wa manunuzi ya kwanza ya mwezi, maana kodi hii hukatwa kwenye manunuzi ya kwanza tu. Ukinunua tena mwezi huohuo haikatwi. Tuseme mlinunua umeme wa 20,000 kwenye mita ya mbele. Ujumbe utaonyesha kodi ya majengo 7,500. Inabaki 12,500, na hiyo ndiyo inayogawanywa: gharama ya umeme wenyewe 10,245.90, VAT asilimia 18 ni 1,844.26, tozo ya EWURA (wadhibiti wa nishati) asilimia 1 ni 102.46, ya REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 ni 307.38. Kwa bei ya 292 kwa uniti mnapata uniti 35 na kidogo. Kama ingekatwa 1,500 inayostahili, mngepata karibu uniti 52. Mama wa kanisa anayelalamika kwamba umeme wa elfu ishirini unaisha haraka tarehe za mwanzo wa mwezi, hilo ndilo jibu lake. Mita ni nzima.

Angalia pia kama kuna mwezi mlikatwa zaidi ya 7,500. Msiponunua umeme kwenye mita moja kwa miezi mitatu, mfumo hausahau: unalimbikiza, na siku mkinunua unachukua 22,500 ya miezi hiyo kwa mpigo, pamoja na 7,500 ya mwezi mnaonunua. Ndiyo maana mtu anahamia nyumba iliyokaa wazi, ananunua umeme wa kwanza, anapata tokeni yenye uniti chache mno, anadhani ameibiwa na wakala. Kalipa kodi ya majengo ya miezi ambayo hakuwepo.

Haya, marekebisho yanakwendaje. Msianzie dirisha la TANESCO. TANESCO wanauza umeme na kukata kile walichoelekezwa. Hawana mamlaka ya kuamua jengo lako ni ghorofa au si ghorofa, wala ya kufuta kodi. Mtapoteza siku kwenye foleni na kurudishwa. Barua iende kwa Mkurugenzi wa Manispaa ya Temeke na kwa Meneja wa TRA (Mamlaka ya Mapato) wa eneo lenu, zote mbili siku moja, kila moja ikionyesha kwamba mwenzake amepata nakala. Kazi ya kukusanya kodi hii ilihamishwa kutoka halmashauri kwenda TRA mwaka 2016, ikaja kuingizwa kwenye LUKU 2021, na mlolongo huo unatosha kumfanya mpangaji azungushwe kati ya ofisi na ofisi. Mkiwa na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa pande zote mbili, hakuna atakayewaambia mngeanzia kwingine.

Barua aiandike na kuisaini mwenye nyumba. Hili ni muhimu kuliko maneno yaliyomo. Kodi ya majengo ni deni la mwenye jengo. Mpangaji anaikatwa kwa kuwa tu ndiye anayenunua umeme. Barua ya mpangaji peke yake itajibiwa kwamba mleteni mwenye mali. Mama akiwa hawezi kupanda na kushuka ofisini, aandike barua fupi ya kumpa katibu idhini ya kufuatilia kwa niaba yake, aisaini mbele ya Afisa Mtendaji wa Mtaa na mtaa ugonge muhuri. Maneno ya barua yenyewe yawe machache, hivi:

"Naomba kurekebishiwa kumbukumbu za kodi ya majengo kwa nyumba yangu iliyopo Mtaa wa ______, Kata ya ______, namba ya nyumba ______. Nyumba hii ni ya chini, haina ghorofa, na ni jengo moja. Ina mita mbili za LUKU, namba ______ na namba ______. Mita ya kwanza inakatwa shilingi 7,500 kwa mwezi kama ghorofa, na mita ya pili inakatwa shilingi 1,500 kwa jengo hilohilo. Naomba (1) jengo liandikwe kuwa nyumba ya kawaida, (2) makato yabaki kwenye mita moja, namba ______, na (3) kiasi kilichozidi, shilingi 105,000 kwa miezi 14, kirejeshwe au kihesabiwe kwenye makato yajayo."

Kwenye nafasi ya namba ya nyumba andikeni ile iliyo kwenye kibao cha anwani ya makazi, vile vilivyowekwa kwenye operesheni ya 2022. Namba ya mita ina tarakimu 11; inakilini kutoka kwenye mita yenyewe, msiichukue kwenye ujumbe wa tokeni, maana tokeni ina tarakimu 20 na mtu akiwa na haraka huchanganya. Tarakimu moja ikikosewa marekebisho yanaenda kwenye nyumba ya mtu mwingine.

Ambatisheni picha nne: mbele ya nyumba nzima mpaka paa lionekane, ubavuni, nyuma, na picha ya mita zote mbili namba zikisomeka. Picha ya mbele isikatwe juu. Anayeamua yuko ofisini, hajafika Mbagala, na anachotafuta ni kama kuna sakafu ya pili. Wekeni pia ujumbe wa manunuzi wa miezi mitatu kwa kila mita, kitambulisho cha NIDA cha mama, barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa, na karatasi ya umiliki. Kama mama hana hati, leseni ya makazi inatosha kuanzia; kama hana hata hiyo, mkataba wa mauziano ulioshuhudiwa na mtaa. Kuna jambo moja hukwamisha sana nyumba za Mbagala, Tandika na Temeke kwa jumla: mita bado ina jina la aliyeuza nyumba miaka ile. Jina la kwenye mita likitofautiana na la kwenye karatasi, lisemeni wazi kwenye barua na muweke mkataba wa mauziano unaounganisha majina hayo mawili. Msisubiri afisa agundue.

Sasa msamaha wa ibada, swali lenu lenyewe.

Sheria ya kodi ya majengo mijini, Sura ya 289, inataja majengo yasiyotozwa. Humo kuna majengo yanayotumika hasa kwa ibada ya hadhara, maktaba na makumbusho ya umma, makaburi, viwanja vya ndege, majengo ya michezo na miundombinu ya reli. Kipengele cha ibada kimefungwa na kizuizi chake palepale: hakihusu sehemu inayotumika kwa makazi, biashara au shughuli za kijamii, hata kama inaambatana na mahali pa ibada. Soma vizuri. Kinachoangaliwa ni jengo linatumikaje. Kanisa kuwa na jina, usajili na muhuri hakufanyi kila jengo linaloshikwa na kanisa lisamehewe. Upande wa pili, kanisa kuwa mpangaji hakufuti hoja yenu, kwa sababu kipimo ni matumizi.

Kwa hali yenu ya leo, hoja ni nyepesi. Vyumba viwili vya nyuma ni makazi. Mchungaji kuishi humo kunaingia moja kwa moja kwenye kizuizi, na chini ya paa moja afisa ana haki ya kusema jengo hili lina matumizi mchanganyiko. Mngekuwa mmepanga nyumba nzima kwa ibada pekee, ningewaambia mwombe leo. Mna njia mbili: mchungaji ahamie nyumba nyingine na vyumba vya nyuma viwe ofisi ya kanisa na stoo ya viti na vyombo vya muziki, au mkubali kwamba 1,500 kwa mwezi ni kodi halali ya jengo lenye makazi ndani na mmalizane na mwenye nyumba. Kuhamisha familia nzima ili kuokoa 18,000 kwa mwaka si uamuzi ningewashauri.

Mkifika siku ya kuomba, jihadharini na vitu vidogo vinavyoua ombi. Chekechea inayotoza ada kwenye ukumbi siku za wiki. Ukumbi kukodishwa kwa kipaimara cha watu wa nje, kitchen party au vikoba. Meza ya kuuza soda na vocha mlangoni. Mashine ya fotokopi ya kanisa inayohudumia mtaa. Afisa akija kukagua haji Jumapili saa nne wakati kwaya inaimba. Anakuja Jumatano mchana, na atakachokiona Jumatano ndicho atakachokiandika. Mafundisho ya watoto ya bure, mazoezi ya kwaya na ibada za katikati ya wiki havina shida. Bandikeni ratiba ya ibada ukutani na mtoe nakala yake.

Hapo nyaraka zinaongezeka. Mtahitaji cheti cha usajili kutoka kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani. Kama ninyi ni tawi na cheti ni cha makao makuu, leteni barua ya makao makuu inayotaja tawi lenu kwa jina na mahali lilipo. Mkataba wa pango uwe kwa jina la wadhamini waliosajiliwa RITA (wakala wa usajili na udhamini) au kwa jina la kanisa kama lilivyo kwenye cheti. Mikataba mingi ya makanisa madogo ina jina la mchungaji kama mtu binafsi, na kwa karatasi hiyo jengo linasomeka kama nyumba aliyopanga bwana fulani. Mkataba useme pia matumizi: "nyumba itatumika kwa ibada ya hadhara pekee." Sentensi hiyo moja ina kazi kubwa kuliko kurasa mbili za maelezo. Mtaa wathibitishe kwa barua tangu lini ibada zinafanyika hapo. Ombi lenyewe, kama lile la kwanza, lisainiwe na mwenye nyumba, kanisa lisaini chini yake kama mpangaji. Ukikubaliwa, uliza kwa maandishi unaanza tarehe ipi na unahusu mita ipi. Mkihama, mama atoe taarifa, kwa sababu msamaha ule ni wa matumizi na matumizi yameondoka nanyi.

Wenzetu wa madrasa na misikiti iliyopanga vyumba, kipimo ni hichohicho. Chumba cha swala kilicho wazi kwa yeyote kinaingia kwenye ibada ya hadhara. Bweni la wanafunzi haliingii.

Kuhusu mama mwenye nyumba. Ni kweli wazee wa miaka 60 na zaidi wana msamaha, na watu wenye ulemavu pia, lakini umewekwa kwa nyumba moja ya makazi anayoishi mwenyewe, na asiwe na kipato. Katika nyumba yenu haishi yeye, na pango lenu la 600,000 ndicho kipato chenyewe. Kwa hiyo umri wake haumwondolei kodi ya jengo hili. Mwelezeni kwa heshima, bila kumfanya ajione amesema uongo, kwa sababu alichosikia kina ukweli nusu. Kama mna kijana anayejua mambo ya ofisi, amsaidie kuangalia makato ya nyumba anayoishi; huenda nako mita zinakatwa mara mbili kama hapa, na kurekebisha hilo hakuhitaji msamaha.

Fedha kati yenu na yeye. Kwa miezi 14 mita ya mbele imekatwa 105,000 na ya nyuma 21,000, jumla 126,000. Kodi halali ya jengo kwa muda huo ni 21,000. Hiyo ni yake, mlimlipia, na anatakiwa kuwarudishia au kuipunguza kwenye pango. Ile 105,000 iliyozidi ni kosa la kumbukumbu. Si haki kumbebesha mama yote kwa pamoja, wala si haki ibaki kwenu. Ofisi ikiamua kuihesabu kwenye makato yajayo badala ya kurudisha taslimu, angalieni kinachotokea: 105,000 kwa 1,500 kwa mwezi ni miezi 70, karibu miaka sita. Mkataba wenu hauna urefu huo. Mkihama mwakani, mama atakaa miaka bila kukatwa kodi ya majengo kwa fedha ya sadaka zenu. Ndiyo maana kabla barua haijapelekwa, andikianeni kwamba nafuu yoyote itakayopatikana kwenye mita kutokana na makato ya miezi hiyo 14 ni mali ya kanisa, na itapunguzwa kwenye pango 1,500 kila mwezi, na siku ya kuhama salio linalobaki mama atalilipa.

Na kwa siku zijazo ingizeni kifungu hiki kwenye mkataba: "Kodi ya majengo ni wajibu wa mwenye nyumba. Kiasi chochote cha kodi hiyo kitakachokatwa kwenye mita namba ______ na namba ______ kitapunguzwa kwenye pango la kipindi kinachofuata, mpangaji akionyesha ujumbe wa manunuzi." Kwa kuwa Dar tunalipa pango miezi sita au mwaka kwa pamoja, tunza ujumbe wote, simu ikipotea, ushahidi umepotea. Katibu apige picha ya kila ujumbe wa kwanza wa mwezi na kuihifadhi kwenye barua pepe ya kanisa.

Deni la kodi ya ardhi alilowaletea msilipe bila makubaliano. Neno "kodi" linatuchanganya hapa, kwa kuwa tunalitumia kwa pango la mpangaji, kwa kodi ya majengo na kwa kodi ya pango la ardhi. Hii ya mwisho inadaiwa na Wizara ya Ardhi kwa mwenye hati ya kiwanja, kila mwaka, kwa kumbukumbu namba yake yenyewe, na haina uhusiano wowote na LUKU. Makato ya LUKU hayapunguzi deni la ardhi hata senti. Mkitaka kumsaidia kwa sababu ni mzee, lipeni kwa kumbukumbu namba yenye jina lake, msimpe taslimu, na mkate kiasi hicho kwenye pango.

Kuna jambo hamkuuliza, na ndilo lenye fedha nyingi kuliko yote haya. Kanisa ni taasisi, na taasisi inapolipa pango inatakiwa kuzuia asilimia 10 na kuipeleka TRA. Kanisa kutokuwa la biashara hakuondoi wajibu huo, kwa kuwa kodi hiyo ni ya mama. Ninyi mnaizuia tu. Kwa 600,000 kwa mwezi ni 60,000. Mkilipa miezi sita kwa mkupuo, 3,600,000, mnazuia 360,000 siku hiyo na kuiwasilisha ndani ya siku 7 baada ya mwezi wa malipo kuisha. Kanisa liwe na TIN (namba ya mlipakodi), mama awe na TIN, naye apewe cheti cha kodi ya zuio ili isije ikaonekana kama mmempunja. Wenye nyumba wengi husema "mimi nataka laki sita yangu kamili, kodi mtajua wenyewe." Mkikubali hivyo, pango halisi si 600,000 tena bali 666,667, na zuio ni 66,667, siyo 60,000. Watu hukosea hapa kila siku: wanachukua asilimia 10 ya kile alichopokea mkononi, na TRA wakikagua wanadai tofauti pamoja na riba. Afadhali mzungumze sasa, mkataba uandikwe "shilingi 600,000 kabla ya kodi ya zuio," kuliko kudaiwa ya miaka mitatu siku moja.

Pamoja na hilo, mkataba ulipiwe ushuru wa stempu, asilimia 1 ya pango la mwaka. Kwenu pango la mwaka ni 7,200,000, ushuru ni 72,000, na ulipwe ndani ya siku 30 tangu mkataba usainiwe. Mkataba usio na stempu haupokelewi mahakamani kama ushahidi. Kifungu kile cha kukata kodi ya majengo kwenye pango, na yale makubaliano ya miezi 70, vyote vimo kwenye karatasi hiyo, kwa hiyo msiuache mkataba bila stempu kwa kuona 72,000 ni nyingi.

Mpangilio wa kazi basi uwe hivi. Wiki hii kaeni na mama, mwandikiane kuhusu zile 105,000 na mpate saini yake kwenye barua ya marekebisho. Pigeni picha, pitieni kwa Mtendaji wa Mtaa, wiki ijayo barua ziende Temeke na TRA. Andikeni kwenye daftari jina la ofisi, tarehe na namba ya jalada mtakayopewa, kwa kuwa siku ya kufuatilia bila namba ya jalada mtaanza upya. Wiki mbili zikipita bila jibu, rudini na nakala yenye muhuri. Tarehe 1 ya mwezi baada ya kuambiwa imerekebishwa, nunueni umeme wa 5,000 tu kwenye kila mita, siyo zaidi. Mita ya mbele ikisoma 1,500 na ya nyuma ikawa haina mstari wa kodi ya majengo, kazi imefanyika. Ya nyuma ikiendelea kukatwa, maana yake wamerekebisha ghorofa wakasahau ombi la pili, na mtarudi na ujumbe huo pamoja na nakala ya barua, mkionyesha kwa kidole ile namba (2).